Kifungu cha Kabange

Aristote alikuwa amepanga kila kitu. Umeme ukikatika, na pale mtaani Katuba umeme haungoji ruhusa ya mtu, kulikuwa na betri ya gari chini ya meza. Betri ikizimika, ilikuwepo ya pili. Kompyuta ikigoma, ilikuwepo nyingine aliyoazima kwa mwenzake wa chuo kikuu kule Kasapa, imelazwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Mvua aliipangia turubai. Midomo ya watu aliipangia majibu. Kitu kimoja tu hakukipanga, nacho ni mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane za mchana, na ua wa Kambo Albertine, bibi yake, ulijaa watu hadi ukutani. Dada yake Keren alikuwa amezaa mapasa, ndivyo Lubumbashi wanavyowaita pacha, na leo walikuwa wanatolewa nje. Wa kwanza, Kyungu, alikuwa na wiki saba na mashavu kama maandazi. Wa pili, Kabange, naye alikuwa na wiki saba, lakini tano kati ya hizo alizimaliza hospitali, ndani ya sanduku la kioo lenye joto ambalo manesi huliita kuvezi. Alizaliwa na kilo moja na robo. Sasa alikuwa amefika mbili na kitu kidogo, na daktari alikuwa amesema: nje, nusu saa, si zaidi. Jua, vumbi na pumzi za watu bado si rafiki zake.

Kambo Albertine alikuwa mjane wa mtu wa reli, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni. Lakini mapasa ni mapasa. Katika ukoo wao ngoma ya mapasa ilikuwa na sheria yake, na hata padri aliyekuja kubariki watoto wiki iliyopita hakuthubutu kuigusa. Pacha wa kwanza huitwa Kyungu siku zote, wa pili Kabange; basi kuna kifungu cha Kyungu na kuna kifungu cha Kabange. Ngoma ya Kyungu inasema: *nimefika, nimefika, mufungue mulango*. Ya Kabange inajibu: *muningoje, niko mu njia, niko mu njia, muningoje*. Kimoja hakitembei bila kingine. Mwanamke aliyembeba Kyungu anacheza kifungu chake huku mwenzake amesimama; kisha aliyembeba Kabange anacheza, na yule wa kwanza anasimama. Zamu kwa zamu, mpaka ngoma ifungwe. Na hufungwa kwa Kabange siku zote, halafu pigo moja la wote wawili. Ngoma ikiishia kwa Kyungu, Kabange amebaki njiani. Na mtoto aliyebaki njiani, wazee hawana haja ya kukueleza amekwenda wapi.

Aristote aliliona hilo kwa macho yake. Alikuwa na miaka minane, Keren kumi na mitatu, wakati marehemu mama yao alipozaa mapasa. Siku ya kuwatoa nje, mpigaji mmoja mwenye mbwembwe alipiga mpaka ngozi ya ngoma ikapasuka, katikati ya kifungu cha Kabange. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Siku ya tano Kabange yule alikuwa ndani ya jeneza dogo kama kreti ya soda. Daktari alisema malaria. Aristote alipokua akasoma, akamwamini daktari. Lakini alimwamini kwa kichwa tu. Tumbo lake halikwenda shule hiyo.

Ndiyo maana Keren alipokosa mpigaji alilia kama aliyefiwa. Mpigaji aliyeaminiwa na Katuba nzima alikuwa Papa Donat, mzee wa reli mwenye miaka sabini na kitu. Lakini mguu wake ulivimba tangu Pasaka, na binti yake Chomba, anayeuza samaki Kasenga, alikuja akamchukua. Tangu hapo mguu ulizidi, haukuweza tena kupanda gari kurudi mjini.

"Yaya, usilie," Aristote alimwambia dada yake, akagonga kifuniko cha kompyuta kwa kidole. "Papa Donat niko naye humu."

Na haukuwa uongo mtupu. Mwaka uliopita alikwenda kwa Papa Donat ili afundishwe. Mwezi mmoja tu, mzee akaiachilia mikono yake, akaacha kumfundisha. "Mukono yako inafikiri mbele ya kupiga," alimwambia. "Ngoma haingojake mutu anafikiri." Maneno hayo yalimchoma Aristote kama pasi. Akaondoka, akarudi na kipaza sauti, na Jumapili tatu mfululizo akakaa kwenye kizingiti cha mzee akimrekodi anavyopiga peke yake baada ya misa. Saa sita za ngoma. Hakukata hata pumzi. Kama mikono yake inafikiri mno, alisema, basi atajenga kitu ambacho kufikiri ndiyo kazi yake.

Akakijenga. Programu za wengine, alipenda kusema huku akibetua mdomo, zinatembea kama mlevi gizani: zinapiga pigo moja, zinapapasa, zinapiga jingine. Yake haikupapasa. Yake ilichagua kwanza mahali pa kufika, kisha ikarudi nyuma kutafuta njia, kama dereva wa lori anayejua kila shimo kabla hajawasha injini. Spika ikiwa inapiga kifungu hiki, kompyuta ilikuwa imekwisha kupanga vifungu kumi na sita vya mbele, hata zaidi, na kwenye skrini uliviona vikija, safu chini ya safu: duara lililojaa ni pigo, duara tupu ni kimya. Safu nne za juu zilikuwa za kijani. Hizo zimefungwa, zimekwisha kutumwa, hata Aristote mwenyewe hakuweza kuzigusa. Za chini zilikuwa za kijivu. Kwa hizo mashine bado iliweza kubadili nia. Kipaza sauti kidogo kilisikiliza makofi ya wanawake, ili mashine ijue kama watu wamepamba moto au wamechoka, na ichague lini ifunge.

Kwa siku saba aliijaribu. Alijaribu mwanzo, akajaribu katikati. Kila mara, baada ya dakika kumi, alitabasamu na kuizima. Nani anajaribu mwisho wa kitu anachojua ni kizuri?

"Beau!" Ephraïm, mume wa Keren, alimwita shemeji yake kwa Kifaransa, akasimama mbele ya meza na glasi mkononi. Baba yake alitoka Kasai, na yeye mwenyewe aliuza simu mjini. Vitu vya umeme havikumtisha. "Njo Papa Donat huyu?" aliuliza, na *njo* ya Lubumbashi ni ndiye. "Amekonda sana. Hana hata mugongo."

"Lakini hatakunywa pombe yako, beau. Ushukuru."

"Na kama iko na virus?" aliuliza Cathy, dada ya Ephraïm, ambaye alikuwa amekwisha kumfunga Kyungu mgongoni. "Mapasa batakohoa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Siku ya mapasa matusi ni halali, tena ni dawa, na mmoja alikuwa amekwisha kumwimbia Ephraïm kwamba mkulima anayepanda mbegu mbili shimo moja ni mchoyo wa shamba. Aristote akacheka nao. Alikuwa na miaka ishirini na sita, shati jeupe, na dunia mfukoni.

Kambo Albertine alikuja mezani mwisho. Hakucheka. Mgongoni kwake, ndani ya kitenge cha bluu, kilionekana kichwa kidogo chenye kofia ya sufu, kidogo kuliko embe.

"Aristote. Hii kintu yako inajua kufunga?"

"Kambo, inajua kufunga mbele hata ya kufungua."

Bibi akakaza fundo la kitenge. "Sawa. Mie njo nitamucheza Kabange. Magoti yangu iko ya zamani. Usiniache mu njia."

Aristote akabonyeza.

Pigo la kwanza lilipotoka, ua wote ulivuta pumzi. Lilikuwa la Papa Donat. Lilikuwa lake hata katika ule mkwaruzo mdogo wa kucha kwenye ukingo wa ngoma ambao mzee hakuwahi kuuacha. *Nimefika, nimefika, mufungue mulango.* Cathy akainama, akazungusha mabega, Kyungu akaruka mgongoni kwake kama mfuko wa unga. *Muningoje, niko mu njia.* Kambo akanyanyua mguu, akaushusha, akanyanyua mwingine, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Makofi yakaja. Vigelegele vikaja. Keren, aliyekaa kwenye mkeka uso umepakwa udongo mweupe kama ilivyo desturi ya mama wa mapasa, akafuta machozi na kuharibu udongo wote.

Dakika kumi. Kumi na tano. Kila safu iliyopanda juu ya skrini ilifuatwa na ndugu yake, na Aristote alizisoma zikija kama mfalme anayesoma barua za sifa.

Kisha makofi yakapungua. Mashine ikasikia. Ikachagua pa kufika, na chini kabisa ya skrini mwisho ukatokea.

Kifungu cha Kyungu, kimejaa. Chini yake, mahali pa Kabange, safu nzima ya maduara matupu. Chini ya hapo, pigo moja.

Kwanza alidhani skrini imekwama. Akasogeza uso karibu. Maduara matupu, ishirini na manne, yamepangwa kama meno ya fuvu. Hakukuwa na hitilafu wala taa nyekundu. Mashine ilikuwa imepanga hivyo. Ilikuwa imefikiri, ikaenda mpaka mwisho wa njia, ikageuka nyuma, na kila kitu ilichokuwa inakipiga sasa hivi kwa uzuri ule kilikuwa kinatembea kuelekea pale.

Kulikuwa na kitufe kimoja alichokiweka kwa ajili ya kukataa mpango. Akakibonyeza. Safu za kijivu zikafutika, zikajiandika upya, mwisho ukasogea mbele vifungu vinane. Kyungu. Tupu. Pigo.

Akabonyeza tena. Zikajiandika upya, kwa njia nyingine, kwa mapigo mazuri kuliko ya kwanza. Kyungu. Tupu. Pigo.

Hapo ndipo alipokumbuka. Jumapili zote tatu zilimalizika vile. Mzee alipiga cha Kyungu, akanyamaza macho yamefumbwa, kisha akapiga pigo moja. Aristote alidhani mzee anapumzika, halafu anagonga kumwambia: haya, zima. Alihifadhi hata kile kimya, kwa kiburi chake cha kutokata pumzi. Na mashine, ambayo haikuwa imeona mwisho mwingine wowote maishani mwake, ilijifunza kwamba ngoma ya mapasa huishia pale. Angeweza kuikataa mara mia, nayo ingempeleka kwa njia mia mpaka mlango uleule.

Akatazama saa. Dakika ishirini na tatu tangu watoto watoke nje. Daktari alisema thelathini.

Akatazama ua. Hatua za Kambo zilikuwa zimefupika, na goti la kushoto lilikuwa linatetemeka. Kofia ya sufu ilikuwa imelala upande. Midomo ya Kabange ilikuwa wazi kidogo, rangi yake si ya waridi wala si ya bluu, rangi ambayo mtu hawezi kuiapia. Na Keren alikuwa anamtazama yeye, Aristote. Hakuwa anatazama ngoma wala watoto. Alikuwa amewahi kumwona ndugu yake na uso ule, mara moja, walipokuwa wadogo.

Akate sauti? Kukata ni kupasua ngozi. Ni jambo lilelile la mwaka ule. Abadilishe programu? Kugusa programu inayotembea ni kama kubadili gurudumu gari liko mwendoni. Aendelee kukataa? Kila kukataa kulimla mtoto dakika. Alikuwa mtu wa mipango, na mipango yote aliyokuwa nayo ilikuwa ya betri.

Akabonyeza kitufe mara moja zaidi, akajipatia vifungu vinane, akachomoa simu na kuinama nyuma ya spika.

Iliita. Iliita. *Mufungue mulango.* Iliita.

"Allô?" Sauti ya Chomba, na nyuma yake injini za mitumbwi na watu wanaopigana bei. "Nani?"

"Aristote, wa Katuba! Unipe Papa!"

"Eko anakula. Piga kisha, akimaliza."

"Chomba, kama unamupenda Mungu, unipe Papa sasa!"

Vifungu viwili vikapita kabla mzee hajapumua kwenye simu. "Mujukuu ya Albertine. Nasikia ngoma. Nani anapiga muzuri vile?"

"Ni weye, Papa. Ni machine. Papa, dimanche, zile Jumapili, ukipigaka peke yako. Pa mwisho. Juu ya nini Kabange hajibu?"

Kule Kasenga ilisikika injini moja tu.

"Ile uliisikia?"

"Machine njo ilisikia. Inaenda kufunga vile. Inabakia bifungu kumi na nane."

"Na batoto beko mu mugongo?"

"Beko mu mugongo, Papa."

Mzee akasema neno moja la Kiluba ambalo Aristote hakuwahi kumsikia akilisema. Kisha: "Donat ni jina ya batizo. Jina yangu ya nyumbani ni Kyungu. Kabange yangu alikufwa tuko na miaka sita, mayi ilimubeba. Basi dimanche napiga yangu, halafu namuachia ye nafasi apige yake. Kisha tunafunga wote wawili. Ile haikuwa ya batoto ba bantu, Aristote. Ile ni ya mufu."

Aristote alikuwa amedhani mashine yake imekosea. Haikukosea. Ilikuwa inapanga kwa uaminifu, pigo kwa pigo, kuwachezea watoto walio hai ngoma ya mtoto aliyekufa. Na bibi yake, aliyemwambia asimwache njiani, alikuwa anaicheza akiwa na kilo mbili za pumzi mgongoni.

"Papa, nifanye nini?"

"Ile nafasi iko na urefu gani?"

Akachungulia skrini. Akahesabu kwa midomo. "Sawasawa na kifungu. Haipungui hata pigo moja."

"Kumbe ilisikiliza muzuri, hii kintu yako. Basi nafasi iko. Mutu njo hayiko. Weka mutu."

"Mutu gani?"

"Mie niko Kasenga na muguu kama muti. We uko wapi?"

"Papa, mukono yangu, ulisema weye mwenyewe..."

"Najua nilisema nini. Piga."

Karibu na ukuta kulikuwa na bidoni ya manjano ya kutekea maji, tupu. Aristote aliiburuta hadi mezani, akaiweka kati ya magoti. Simu akaitia kwenye mfuko wa shati bila kuikata. Ephraïm alimwona, akaionyesha kompyuta kwa kidole, akacheka, "Beau, ordinateur imeshindwa?" kisha akaona uso wake na kicheko kikamkauka mdomoni.

Kwenye skrini kifungu cha mwisho cha Kyungu kiliingia katika rangi ya kijani. Kisha safu tupu nayo ikawa kijani. Imefungwa. Hata Mungu angeomba ruhusa.

Alijua kifungu cha Kabange kuliko alivyojua jina lake. Alikuwa amekisikia mara elfu, amekichora, amekipima kwa milisekunde. Viganja vyake havikujali lolote kati ya hayo. Vilikuwa vimelowa, vizito, viganja vya karani. *Muningoje*, mapigo manne. *Niko mu njia*, matano, la mwisho zito. Mkono wa kulia unaanza. Au wa kushoto? Alikuwa anafikiri. Alijiona anafikiri, na hofu ikazidi, kwa sababu mzee alikwisha kumwambia ngoma haimngoji mtu wa namna hiyo.

*Nimefika, nimefika, mufungue mulango.*

Cathy akamaliza, akasimama, akipumua kwa kinywa. Spika ikanyamaza.

Kambo Albertine akanyanyua mguu.

Hakuna kitu kilichokuja chini yake. Mguu ulibaki hewani, mguu mwembamba wa mwanamke wa miaka themanini na mbili, na ua wote ukauona ukibaki hewani. Makofi yakakatika. Mtu mmoja akasema "Eh?" kwa sauti ndogo. Kwenye mkeka Keren akafungua kinywa.

Aristote akapiga.

Lilitoka baya, sauti ya plastiki, ya maji, ya jikoni. Lilikuwa limechelewa. *Mu-ni-ngo-je.* Mguu wa Kambo ukashuka. *Niko mu njia*, kiganja cha kushoto kikateleza, kikagonga goti lake mwenyewe, akakirudisha. Mwanamke mmoja akaanza kumsaidia kwa makofi, akifuata maneno, kisha wanne, kisha wote, wakimvuta kama watu wanaovuta gari lililokwama kwenye tope. *Niko mu njia.* Bibi alikuwa anacheza. Kofia ya sufu ilikuwa inatikisika. Aristote hakutazama skrini tena. Hakuwa na macho ya kutazamia. Alijua tu kwamba muda unaisha na yeye bado, ameachwa nyuma, bado neno moja zima...

*Dum.* Spika ikafunga. Pigo la wote wawili, la Papa Donat na nduguye, zuri, lililopangwa dakika nne kabla, likaanguka mahali pake halisi. Na Kabange alikuwa bado njiani.

Vidole vyake viliganda juu ya plastiki kwa muda wa kope moja. Ngoma imefungwa. Mtu haongezi kitu baada ya pigo la kufunga. Kisha akaona mguu wa Kambo, umenyanyuliwa tena, unamngoja.

*Mu-ni-ngo-je*, akapiga, peke yake, katika kimya cha ua mzima. Na halafu, kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu iliyompasua ngozi ya kidole, akapiga pigo la kufunga.

Bibi alishusha mguu, akakiangalia kile kibidoni, akaiangalia kompyuta, akamwangalia mjukuu wake.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Kambo."

Bibi akainua uso na kupiga kigelegele, kimoja, chembamba, kilichokwaruza. Wengine wakakipokea. Ua ukalipuka, chupa zikafunguliwa, na watu wakaanza kusimuliana kwamba kijana alifanya kusudi, mashine na bidoni, ubunifu wa vijana wa siku hizi. Dakika ya ishirini na tisa Keren alikuwa amekwisha kumfungua Kabange kutoka mgongoni kwa bibi na kumweka kifuani pake, ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi, kama manesi walivyomfundisha. Akapita mezani.

"Ilikuwa inamuacha," alisema.

Aristote akatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuona. Nilikuona mbele ya ngoma kunyamaza." Akaifunika kofia ya sufu kwa kiganja. "Siku tano, Aristote. Utalala hapa siku tano. Ukienda kwako, sitakusamehe."

"Nitalala, yaya."

Alipoondoka, kitu kikaongea kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amemsahau. Akatoa simu kwa mkono wenye damu.

"Papa, nilichelewa," alisema. "Pigo ilifika mbele yangu. Nilifunga kisha. Niliharibu."

"Nilisikia." Mzee alikuwa anapumua kama aliyetembea mbali. "We unajua juu ya nini anaitwaka Kabange? Alitoka wa pili. Kabange anachelewaka. Mwenzake anafika, anagonga, anapiga makelele. Ye eko nyuma na mizigo yake. Kazi yetu ni kumungoja tu. Na ile ya dimanche uiondoe humo mu machine. Uniachie yangu."

Aliiondoa jioni ileile, Jumapili zote tatu, pale zilipoishia. Haikupunguza hofu.

Alilala kwenye mkeka mlangoni mwa chumba cha watoto. Siku ya kwanza Kabange alinyonya kidogo. Siku ya pili alitapika, na Keren hakuzungumza na mtu mpaka jioni. Siku ya tatu alikohoa, mara mbili, na Ephraïm, yule mcheshi, akakaa nje kwenye ngazi akishika kichwa. Siku ya nne hakuna kilichotokea, na hiyo ikawa mbaya kuliko zote. Aristote aligundua kwamba ubongo wake umefanya kazi yake ya kawaida: ulikuwa umekwisha kupanga mbele. Ulijua nani atapigiwa simu kwanza. Ulijua fundi wa majeneza anakaa wapi. Alijichukia kwa sababu hiyo.

Siku ya tano, alfajiri ikiwa imeshaangaza dirisha, Kyungu aliamka. Alilia kama anavyolia siku zote, kwa kifua kizima, akigonga dunia imfungulie. Kila asubuhi kilio hicho kilimwamsha mwenzake. Kyungu akalia, akavuta pumzi, akanyamaza kidogo kusikiliza.

Hakuna jibu.

Aristote aliketi kwenye mkeka. Ndani, alisikia kitanda kikilia kwa uzito wa Keren anayeinuka, kisha hakusikia hatua. Dada yake alikuwa amesimama, hathubutu kufika kwenye kitanda cha mtoto. Kimya kikaendelea. Akili ya Aristote ikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, kuelekea ishirini na nne, na akaizuia. Akauma kidole kile chenye kidonda akaizuia. Hakuhesabu. Hakupanga. Alibaki pale mlangoni, akingoja kama mtu asiyejua kitakachokuja.

Kilio kikaja. Chembamba, kikali kidogo, kilichochelewa kabisa, kama cha mtu aliyekuwa mbali na hapendi kuharakishwa.

"Njo huyu," alisikia Keren akisema ndani. "Njo huyu. Amefika."